Aliyelala Chini ya Gari la Luhende

Sipendi kusimulia habari hii, maana kila nikiisimulia watu hunihurumia. Leo nitaisema kama ilivyokuwa. Anayetaka kunihurumia, ajizuie.

Ulikuwa mwaka 1953, mvua zikielekea mwisho. Jua lilikuwa linazama Luhende alipoingiza pikapu yake kwenye banda langu la ufundi pale Ipuli. Luhende alikuwa mfanyabiashara wa nta na asali, na kila wiki alikwenda misitu ya Usinge kwa njia zilizojaa visiki. Ndiyo maana gari lake lilikuwa limeinuliwa. Kati ya ekseli ya mbele na springi zake tulikuwa tumeweka vipande vya mbao ya mninga, kimoja kila upande, tukavibana kwa bolti ndefu, na gari likasimama juu kuliko magari yote ya Tabora.

"Fundi Raymundi, mbele panatetemeka," akasema. "Nikifika maili thelathini usukani unataka kunitoka mikononi. Na kesho nina safari."

Sikutaka kuligusa. Chini ya gari lile alikufa Shomari.

Shomari alikuwa mwenzangu wa kazi kwa miaka tisa. Yeye Mwislamu wa mjini, mimi Mkatoliki wa shamba, na tulielewana kuliko ndugu wengi. Kutafuta kilicholegea mbele ya gari ni kazi ya watu wawili. Mmoja hulishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Mwingine hulala chini, kidole gumba kwenye maungio, akasikiliza. Kikiwepo kilicholegea husema, "Inacheza." Kisipokuwepo husema, "Imekaza." Wa kulala chini alikuwa Shomari siku zote, akitafuna karafuu kwa ajili ya jino lake bovu. Na kila mara kabla hajaingia aliniuliza swali lile lile.

"Umeweka ubao?"

Ubao wa kuweka chini ya jeki, ili isizame ardhini.

Siku tuliyoliinua gari la Luhende mvua ilikuwa imenyesha kutwa. Shomari akauliza, nami nikajibu, "Nimeweka." Sikuwa nimeweka. Ubao ulikuwa upande wa pili wa banda, nikaona uvivu kuufuata. Hiyo ndiyo sababu nzima. Ningekuwa na chuki naye ningekuwa na la kujitetea, lakini sikuwa nayo.

Jeki ilizama. Ekseli ikamshukia kifuani.

Nilipaswa kusema siku hiyohiyo. Nikanyamaza, na mtaa ukajitafutia maelezo. Waliomwosha marehemu waliona hirizi aliyovaa mkononi tangu utotoni haipo. Batuli, mjane wake, akaenda kupiga ramli kwa mfumu mmoja, na mganga yule akasema aliyemfunga hirizi ndiye aliyemfungua. Yaani mama yake mzazi, bi Sikuzani. Kwamba amemvua mwanawe kinga ili amle. Wakamfukuza Ipuli kwa mawe, akakimbilia Tura kwa mtoto wa dada yake. Nilikuwa mlangoni alipopita na kikapu chake kichwani. Nilimwamkia, akaitikia vizuri tu. Neno moja kutoka kwangu lingemrudisha nyumbani, na sikulisema.

Miezi mitatu nikalala na neno hilo kooni.

Basi jioni ile Luhende akaenda kunywa chai dukani. Nikawasha taa ya chemli, nikaanza kazi peke yangu. Tangu msiba hakuna aliyekubali kulala mahali alipofia Shomari.

Nilitazama matairi. Mazima. Nikakaza nati za magurudumu. Nikalipiga jeki gurudumu la kulia, nikalishika juu na chini, nikatikisa. Kimya. Nikahamia kushoto.

Tk.

Nikatikisa tena.

Tk... tk...

Kuna kitu kimelegea. Lakini kipi? Inaweza kuwa beringi, inaweza kuwa pini ya ekseli, inaweza kuwa springi yenyewe. Mtu mmoja hawezi kutikisa na kusikiliza kwa pamoja. Nikaendelea kutikisa tu, kwa hasira, kama anayebisha hodi nyumba ya mdeni wake.

"Inacheza."

Sauti ilitoka chini ya gari. Ya chini, ya taratibu, ya mtu mwenye kitu mdomoni.

Na mimi, kwa mazoea ya miaka tisa, nikajibu.

"Wapi?"

"Si kwenye beringi... Juu ya ekseli. Kwenye mbao."

Ndipo nikakumbuka niko peke yangu. Harufu ya karafuu ilikuwa imejaa bandani. Karafuu, na grisi, na udongo mbichi. Taa ilikuwa chini, na mwanga wake uliishia kwenye gurudumu. Nyuma ya gurudumu kulikuwa na giza, na ndani ya giza mtu alikuwa anatafuna.

Polepole.

"Raymundi..." ikasema. "Umeweka ubao?"

Nikatazama jeki. Ilikuwa imekaa kwenye udongo mtupu. Baada ya yote yale, nilikuwa nimesahau tena.

Nilitambaa mpaka kwenye ubao, nikauleta, nikaiweka jeki upya juu yake. Nilikuwa nalia, sioni aibu kusema. Kisha nikainua taa, nikachungulia chini ya gari.

Hapakuwa na mtu.

"Unaongea na nani?" Luhende alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na kikombe mkononi.

"Na nafsi yangu."

"Nafsi gani?" akanong'ona. "Nimesikia watu wawili."

Nikalegeza bolti za upande wa kushoto, nikainua springi, nikachomoa kipande cha mninga. Chini yake, kimebanwa bapa juu ya chuma, palikuwa na kitu cheusi. Nikakwangua grisi kwa kisu. Ngozi. Uzi mwekundu.

Hirizi ya Shomari.

Nikaelewa yote palepale. Ekseli iliposhuka ilimchana mkono, hirizi ikakatika ikanasa juu ya chuma. Na mimi nililimalizia gari lile peke yangu siku ileile, sitazami ninachokifunga. Nikaweka kipande cha mbao juu ya hirizi, nikakaza. Kwa hiyo mbao haikulala sawa, ikawa inalegea kidogo kidogo kila gari lilipopiga shimo, ekseli ikakaa upande na usukani ukatetemeka. Basi hakuna aliyemvua Shomari hirizi. Mama wa watu alifukuzwa kwa kitu nilichokifunga mwenyewe kwa bolti nne.

Nilisafisha chuma, nikarudisha mbao, nikakaza mpaka spana ikalia. Tukalijaribu gari barabarani usiku uleule, taa zikiwaka. Maili thelathini. Thelathini na tano. Usukani umetulia kabisa. Luhende alifurahi. Mimi nilishika hirizi mfukoni na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu nilihisi nafuu. Niliamini Shomari amekuja kumtafutia mama yake haki, na nimemwelewa.

Asubuhi nilikwenda kwa mwanangwa wetu, mzee Mayala, ambaye ndiye aliyesikiliza mashauri ya mtaa. Luhende alinisindikiza. Batuli aliitwa, na majirani wakajaa uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema, Raymundi."

Nikasema yote. Uvivu wangu, uongo wangu, jeki, ubao. Nikaiweka hirizi mbele yao. Nikasema bi Sikuzani hana kosa, mwenye kosa ni mimi, arudishwe nyumbani kwake na mimi nipelekwe polisi. Walinisikiliza vizuri mno.

"Na ulijuaje kama ipo pale?" akauliza mzee Mayala.

Ningeweza kusema nimeiona tu. Lakini nilikuwa nimeapa kwamba siku hiyo sitasema uongo hata mmoja.

"Shomari aliniambia," nikasema.

Mwanangwa akamgeukia Luhende, na Luhende akatikisa kichwa kukubali. Naye alisikia.

Batuli aliiokota hirizi, akainusa. "Karafuu," akasema taratibu. Kisha akanitazama kwa huruma ambayo sitaisahau. "Maskini shemeji yangu. Ni yule mama anayemtuma marehemu. Amemaliza mwanawe, sasa anamtumia kukutia wazimu, ujisingizie kosa lake."

"Siyo hivyo, Batuli. Jeki nilii..."

"Hirizi iliingiaje chini ya chuma?" akauliza jirani mmoja. "Nani aliiweka?"

"Mimi! Mimi niliiweka!"

"Unaona," mzee Mayala akawaambia wenzake kwa upole. "Anasema hata hilo."

Kila nilichokisema kikawa ushahidi juu ya yule mama. Nilipolia, walisema ni dawa inanitoka. Nilipopiga kelele, wakanishika. Wakanifungia ndani ya nyumba yangu kwa wema kabisa, na Batuli mwenyewe akaniletea uji na kunibembeleza ninywe. Kupitia dirishani nilisikia injini ikiwashwa. Wanaume sita walipanda pikapu. Luhende aliacha safari yake ya Usinge, akawapeleka Tura kwa njia ya zamani ya misafara.

Walirudi siku ya pili jioni. Luhende alikuja kunifungulia mlango.

"Mmemkuta?" nikauliza.

"Tumemkuta."

"Yuko wapi?"

Aliangalia mikono yake. Alikuwa ameinawa, lakini kucha zilikuwa na udongo.

"Gari lako limetulia, fundi," akasema. "Kwenda na kurudi, usukani haukutikisika hata kidogo. Kwa vile lilivyokuwa kabla hujaligusa, tusingefika."

Serikali ya Mwingereza haikuuliza, kwa sababu hakuna aliyeshtaki ila mimi, na mimi nilijulikana kuwa nimerogwa. Hata leo nikisema ukweli watu huniuliza kama yule mama bado ananisumbua.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Shomari alimpenda mama yake. Alikuwa hali chakula cha mchana mpaka ahakikishe naye amekula. Mtoto wa namna ile hawezi kutengeneza gari la kuwapeleka watu wakamuue mama yake. Hilo nalijua kabisa. Basi aliyelala chini ya gari jioni ile, akatafuna karafuu, akaniambia mahali hasa pa kukaza, hakuwa Shomari.

Na mimi nilimtii mpaka bolti ya mwisho.