Sahihi ya Marehemu Wafula

Nina miaka arobaini na mitatu, mama wa watoto wawili, fundi wa cherehani hapa sokoni Jericho. Mume wangu ni dereva wa malori, wiki nzima yuko njiani. Sijawahi kuiba hata uzi wa mteja. Lakini siku hizi, wasomaji wenzangu, mlango ukibishwa tu, huchungulia dirishani kwanza... Na kilichoniponza ni nini? Mwandiko mzuri!

Nyuma ya nyumba zetu palikuwa na jaa la taka. Panya, nepi, uvundo wa kila aina. Miaka mitatu iliyopita tulichoka kulalamika, tukaunda kikundi, na kila Jumamosi asubuhi tukashika reki na sepetu. Tulilimaliza lile jaa kwa mikono yetu! Tukapanda sukuma wiki na miti, tukapaka magurudumu ya zamani rangi yakawa viti. Watoto wakapata mahali pa kuchezea. Nilipopita hapo nikielekea kazini, nilijiona mtu.

Mwenyekiti alikuwa Rosa, rafiki yangu wa miaka ishirini, aliyenisimamia siku ya harusi yangu. Aliniteua kuwa katibu. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya waliohudhuria, kila mmoja atie sahihi, apewe mkate na soda.

"Wewe pitisha tu karatasi, Mama Mutua," Rosa alizoea kuniambia. "Hapo juu acha wazi, kichwa nitaandika mimi."

Nami nikaacha wazi. Ningemshuku vipi mtu aliyenishikia maua kanisani?

Miongoni mwetu alikuwa Mzee Wafula, mstaafu wa reli, mcheshi sana. Alifariki ghafla, tukamsindikiza hadi kwao magharibi. Mjane wake, Mama Nekesa, akabaki na wajukuu wanne na miguu iliyovimba. Hakuweza tena kuja kwenye usafi, na nyumba yao kwenye orodha yetu iliandikwa kwa jina la mzee. Basi Jumamosi iliyofuata niliandika jina la marehemu, nikamtilia na sahihi kabisa, mkia wa herufi ya mwisho ukipinda kama alivyozoea kuupinda. Nikampelekea mjane mkate. Nikaona ni wema... Wiki iliyofuata nikarudia. Na nyingine, na nyingine.

Jumanne moja asubuhi nilikuta wanaume wakipigilia vigingi katikati ya sukuma wiki yetu. Wengine walikuwa wakishusha mabati. Tulipowauliza, mmoja alitoa nakala ya karatasi. Ilisema wakaazi waliotia sahihi hapo chini wamekubali uwanja uzungushiwe ua, pajengwe maduka. Na hapo chini, Mungu wangu... yalikuwa majina yetu, kwa mwandiko wangu! Ilikuwa karatasi yetu ya mahudhurio. Ile nafasi niliyoiacha wazi ilikuwa imejazwa kwa mashine.

"Si ni wewe mathe ulikuwa unatusainisha?" jirani mmoja alinifokea. "Yaani umetuuza na mkate?"

Nilijaribu kueleza. Nani angenisikiliza? Kufikia adhuhuri wateja wawili walikuwa wamekuja kuchukua vitambaa vyao bila kushonewa. Nilipofika nyumbani, mlango ulikuwa umeandikwa kwa chaki: MSALITI. Nikaufuta kwa leso, nikiangalia nyuma kila dakika, nikaingia nikajifungia na wanangu.

Kesho yake nilikwenda kwa Rosa, nikitumaini ataniambia kuwa naye alidanganywa. Hakushtuka hata kidogo! Alinikaribisha chai. Akasema ameahidiwa duka la mbele, nami atanitafutia kona ya cherehani. Nilipomwambia nitakwenda kwa chifu, alicheka.

"Nenda, mamaa. Lakini utaulizwa ni nani alimsainia marehemu. Nilikuwa nakuona Jumamosi zote. Huo mwandiko ni wako, si wangu."

Nilitoka nikiiacha chai mezani. Jina la Wafula limo kwenye karatasi ile, na tarehe yake ni baada ya mazishi! Nikisema, karatasi itaonekana ni ya uongo na uwanja utabaki wetu. Lakini nikisema, nitafungwa. Wanangu wangebaki na nani? Siku mbili sikumeza chakula. Kila gari lililosimama nje nilidhani limekuja kunichukua.

Majirani walimlalamikia chifu, naye Ijumaa akaita mkutano ukumbini. Alisoma majina ya karatasi ile moja moja, kila mtu akasimama kukana. Rosa alikaa mbele, mkoba mapajani, ametulia.

"Wafula."

Mama Nekesa alijifunika uso kwa kanga, akaanza kulia. Nilimtazama... nikasimama.

"Sahihi hiyo ni yangu," nikasema. "Mzee alikuwa kaburini. Na hapo juu palikuwa wazi sisi sote tulipotia sahihi."

Mabati yaliondolewa wiki hiyo hiyo. Rosa alihama bila kuaga. Nami? Nilipelekwa kituoni kuandikisha taarifa, na hadi leo kila Jumatatu naripoti. Sijui itaishia wapi. Ninaogopa, sitawaficha!

Lakini kilichoniumiza zaidi ni maneno ya Mama Nekesa. Alijikokota hadi mlangoni kwangu, akakataa kuketi.

"Mkate ulitufaa, Mama Mutua. Nashukuru. Lakini jina la mume wangu ndilo peke yake nililokuwa nimebaki nalo. Ungeniomba."

Wasomaji wenzangu, mnaojitolea mitaani kwenu, nawasihi kwa machozi! Msitie sahihi karatasi ambayo juu yake ni wazi, hata ikiletwa na rafiki wa kufa na kuzikana. Na msimwandikie mtu sahihi, awe mzima au marehemu, hata kwa huruma. Mimi huruma yangu nusura iwanyang'anye watoto wetu mahali pa kuchezea.

Jumamosi iliyopita nilirudi kung'oa magugu. Ukatibu walishaninyang'anya. Karatasi ikanifikia, nikasoma kichwa mara tatu, watu wote wakinitazama. Kisha nikaandika jina langu. Langu tu.