Bunduki Katika Sauna ya Bi Oja

Kila asubuhi kabla ya shule, Raili Kettunen alizoa theluji ngazini, akamwaga majivu ya jiko, kisha akapeleka maneno. Theluji na majivu hakuvilalamikia. Maneno ndiyo yaliyomchosha.

"Mwambie mama yako," Bi Oja alisema kutoka juu ya ngazi, kitambaa kichwani na kikombe cha kahawa mkononi, "bunduki siitaki katika nyumba yangu. Mkataba alitia sahihi mwenyewe. Sikumshika mkono."

Raili alishuka. Mama yake, Helmi, alikuwa akifunga kamba za viatu aende kazini kwenye duka la mikate.

"Mama, Bi Oja anasema..."

"Nimemsikia, sina pamba masikioni. Mwambie sheria hainikatazi kuwinda. Na ile nyama ninayompa kila mwaka, anadhani kulungu nilimwimbia mpaka akafa?"

Raili alipanda tena. Maneno ya kuimba aliyaacha njiani.

"Na yeye kasemaje?" Bi Oja aliuliza.

"Anasema sheria haimkatazi."

"Sheria ndiyo inayopaka rangi kuta zangu? Mwambie hivyo."

"Nitachelewa shule, Bi Oja," Raili alisema, na kwa mara ya kwanza alifurahi kwamba ana mtihani wa hesabu.

Novemba ilipofika Negaunee, kaskazini mwa Marekani, mji mzima ulivaa makoti ya wawindaji ya rangi ya chungwa, na siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu shule zilifungwa. Kwa akina Kettunen huo haukuwa mchezo. Mshahara wa duka la mikate uliishia kwenye kodi na kuni, na kulungu mmoja aliyekatwakatwa na kujazwa kwenye friza aliwafikisha Pasaka.

Bi Oja aliishi ghorofa ya juu, wao wakapanga ya chini. Mkataba ulikataza silaha ndani ya nyumba, lakini kwa miaka mingi alijifanya haoni. Mwaka huu aliikuta bunduki imeegemezwa kwenye kibaraza cha kuingilia, mahali wote walipovulia viatu, Eino mdogo wake Raili akiwemo. Eino alikuwa na miaka mitano na mikono isiyotulia. Helmi aliiweka pale penye baridi kwa sababu ambayo kila mwindaji wa kule anaijua: bunduki iliyotoka kwenye baridi ikiingizwa ghafla kwenye joto hutoka jasho, na jasho huleta kutu.

Bi Oja hakutaka habari za jasho. "Ama iondoke, ama muondoke," alisema, na tangu siku ile wakubwa hao wawili hawakusemezana. Kama wasingeiondoa bunduki, wangelazimika kuhama katikati ya baridi, na Raili alijua hawakuwa na pa kwenda.

Siku chache baadaye Helmi alirudi kutoka msituni mikono mitupu, vidole vimekufa ganzi. Alipoingia uani alimwona Bi Oja dirishani, akageuka haraka na kupita nyuma ya nyumba. Huko kulikuwa na kibanda cha sauna, ambamo wote waliogea kwa mvuke kila Jumamosi, mwenye nyumba akitangulia. Chumba cha kuvulia nguo cha kibanda hicho kilikuwa baridi siku nyingine zote. Helmi aliiegemeza bunduki nyuma ya mlango, akaifunika kwa mataulo ya zamani.

Wakati wa chakula cha jioni alimwambia Raili, "Bi Oja akikuuliza, sema iko kwa mjomba Waino."

"Lakini haiko kwa mjomba."

"Mkataba unasema ndani ya nyumba. Sauna si nyumba. Na kabla ya Jumamosi nitakuwa nimeipeleka kweli."

"Basi mwambie hivyo mwenyewe."

"Raili, nimechoka. Usinichoshe zaidi."

Kesho yake Bi Oja aliuliza, na Raili akajibu kama alivyoagizwa. Mwanamke yule alishusha pumzi ndefu, akamkatia kipande kikubwa cha mkate wa iliki uliotoka motoni. "Afadhali," alisema. "Wewe angalau ni mkweli." Raili aliutafuna mkate ule. Alitamani kuutema, na alitamani zaidi kumpigia mtu kelele, ila hakujua aanze na nani.

Ijumaa alipotoka shule aliona moshi ukitoka kwenye bomba la sauna.

"Leo?" alimuuliza Bi Oja, aliyekuwa akipanga kuni nje ya kibanda. "Sauna si kesho?"

"Mgongo umenikaza tangu asubuhi, siwezi kungoja kesho. Nimemtuma Eino ndani humu aniletee taulo."

Raili aliangusha mkoba wa shule kwenye theluji na kukimbia.

Eino alikuwa ameketi kwenye benchi, mataulo yametapakaa sakafuni, bunduki imelala mapajani mwake. Mdomo wa bunduki ulielekea ukuta wa mbao. Upande wa pili wa ukuta huo Bi Oja aliendelea kupanga kuni, na kila gogo lilisikika likigonga mwenzake.

"Nimeikuta bunduki ya mama," Eino alisema. "Ilijificha."

"Usiguse kitu. Mikono juu, kama kwenye mchezo wa polisi."

"Mimi ndiye jambazi?"

"Wewe ndiye jambazi. Mikono juu."

Eino aliinua mikono huku akicheka. Raili aliichukua bunduki, akauelekeza mdomo wake chini, akavuta kishikio cha chuma kama mama alivyomfundisha. Risasi iliruka, ikagonga sakafu na kubingirika mpaka miguuni mwa Bi Oja, ambaye alikuwa amekuja mlangoni kuona wanachelewa nini.

Bi Oja alimshika Eino mkono, akamtoa nje.

Helmi aliporudi kutoka kazini aliwakuta jikoni kwake. Risasi ilikuwa mezani.

"Raili," Bi Oja alianza, "mwambie mama yako mwezi ujao ninahitaji vyumba vyangu."

"Mwambie hawezi kunitoa nje kwenye theluji kama paka," Helmi alisema. "Na mwambie..."

"Simwambii mtu kitu," Raili alisema kwa sauti iliyomshangaza hata yeye. "Mko meza moja. Mimi si simu yenu. Bi Oja, nilikudanganya. Bunduki haikuwa kwa mjomba, na nilijua. Kwa hilo naomba radhi. Mama ndiye aliyeniagiza niseme vile. Na ilikuwa na risasi, mama. Eino aliipakata."

Helmi alikitazama kile kipande cha shaba mezani. Rangi ilimtoka usoni. Kila jioni ya maisha yake ya kuwinda aliifungua bunduki kabla ya kuiegemeza, akaitoa risasi na kuipangusa. Jioni ile alikimbilia kuficha, akasahau. Alivuta kiti, akaketi.

"Mwaka juzi nilikuomba nifunge kabati la chuma la bunduki ukutani," alimwambia Bi Oja hatimaye, akimtazama yeye mwenyewe. "Ulikataa."

"Ulitaka kutoboa ukuta wangu."

"Ningeuziba nikihama."

Bi Oja aliichukua risasi, akaigeuza, akairudisha. "Toboa ule wa ghala la kuni kule uani," alisema. "Kule ni baridi, haitatoka jasho lako hilo. Kabati la chuma, kufuli, ufunguo shingoni mwako. Risasi nitakaa nazo mimi juu. Ukienda msituni unakuja kunigongea."

"Alfajiri?"

"Mimi siku hizi nalala lini, Helmi? Njoo ugonge. Na tutaliandika kwenye mkataba, lisije likawa la mdomo."

Helmi aliitikia kwa kichwa. Alimgeukia binti yake. "Nisikilize. Bunduki niliijua tangu nikiwa mdogo kuliko wewe, na haikuwahi kunishinda. Iliyonishinda ni kuificha. Kitu cha hatari ukikiweka wazi, unakikagua. Ukikificha, unakimbia nacho, na unasahau kilicho ndani. Uongo nao ni vivyo hivyo, na nilikubebesha wewe uliye mtoto. Nimekosa."

"Sote tumekosa," Bi Oja alisema. Alinyanyuka akiushika mgongo wake, kisha akasita mlangoni. "Ila hata hivyo, Raili, umetufokea watu wazima. Kwetu mtoto hainui sauti mezani. Ungetuomba radhi, tukalala na amani."

Mama yake naye alimtazama, akingoja.

Raili aliinua mkoba wake, uliokuwa bado unadondosha maji ya theluji. "Kwa uongo nimeshaomba," alisema. "Kwa kufoka, siombi."