Nani Amemkondesha Mama?

Serwaa alikuwa uani akitwanga mihogo ya kutengeneza fufu, simu ikalia. Alikuwa Mama Mkubwa Dufie, dada wa marehemu mama yake.

"Serwaa, ulikuwa unamlisha nini dada yangu?"

"Kwani vipi, Mama Mkubwa?"

"Nimefungua ule ukurasa wako wa msiba. Dada yangu amekonda kama mchi. Ukoo mzima umeona. Wanasema ulimnyima mgonjwa chakula. Jumamosi kwenye mazishi usikae na sisi mbele."

Mchi ulimponyoka Serwaa. Hapa Kumasi, Ghana, binti hatukanwi tusi zito kuliko hilo. Ukurasa ule aliutengeneza mwenyewe kwenye kompyuta, akapanga picha za mama yake mstari mmoja, akautangaza kwa ukoo. Sasa aliufungua kwenye simu, akaduwaa. Mama yake, aliyekuwa akijaza kiti, alikuwa mwembamba, uso umerefuka, mabega hayapo.

Alikimbilia kwa jirani yake Adoma, ambaye kazi yake ni kutengeneza kurasa za mtandao. Adoma naye alipotazama alishika mdomo. Kisha akaelewa.

"Mwenzangu, marehemu hakukonda. Umembana wewe."

"Mimi? Mbona kwenye kompyuta yuko sawa?"

"Kioo cha kompyuta ni kipana. Cha simu ni chembamba, na umelazimisha picha zote zienee humo humo. Kimo umekikaza, kwa hiyo zinapungua upana. Siku nyingine, kabla hujatangaza, tazama kwanza kwenye simu."

"Sasa nifanyeje?"

"Zipe picha amri ya kutosinyaa. Kimo kiwe kimoja, upana ujifuate wenyewe. Mstari uache uzidi kioo, mtu ausogeze kwa kidole. Na picha inayofuata ichungulie kidogo pembeni, ajue bado zipo."

Serwaa aliandika amri hizo. Akafungua simu tena. Mama yake alikuwa amerudi na mashavu yake yote. Serwaa alilia pale pale.

Akampigia Mama Mkubwa. "Fungua tena. Sogeza kwa kidole mpaka mwisho."

Mama Mkubwa alisogeza. Picha ya mwisho ilikuwa ya sikukuu ya Pasaka. Marehemu, mnene, alikuwa akicheka, na mkono wa Mama Mkubwa Dufie ulikuwa ndani ya bakuli la marehemu, umeshika pande la nyama.

"Serwaa," alisema Mama Mkubwa. "Kumbe mla chakula chake nilikuwa mimi. Jumamosi njoo ukae kando yangu."