Nchi Mbili Ubaoni

Kila asubuhi, kabla ya shule, Donatille alishuka ziwani na bidoni yake kuchota maji. Goma chini ni mawe ya volkeno tu, kisima hakichimbiki. Maji ya kunywa yalitoka ziwani, palepale watu walipofulia na kuogea.

Jirani yao, Mama Émérance, aliyachemsha maji yake kila jioni. Wasichana walimtania njiani, "Mama, leo umepika maji tena? Umetia chumvi?"

"Nimetia," alijibu. "Njooni muonje mchuzi."

Papa Birindwa, baba yake Donatille, alikuwa muuza vitenge. Hakupenda kuona makala, mkaa wa kununua, yakiungua chini ya sufuria ya maji. "Kwangu mtoto akiugua, anapigwa sindano siku hiyohiyo," alisema. Na kweli, mtaani hakuna aliyelipa madaktari zaidi kuliko yeye.

Siku moja Mwalimu Ndayambaje aliandika majina ya nchi mbili ubaoni. "Kitendawili, watoto. Nchi hii inatumia fedha nyingi mno kwa hospitali na dawa. Hii nyingine inatumia nusu yake. Lakini watu wa hii ya pili ndio wanaoishi miaka mingi zaidi. Kwa nini?"

Kengele ya kutoka ililia.

"Basi nendeni nacho nyumbani."

Papa aliposikia alicheka. "Mwambie mwalimu wako arudie hesabu!"

Juma lile kipindupindu kiliingia mtaani. Honoré, mdogo wa kiume wa Donatille, mwenye miaka minne, aliamka akihara na kutapika. Papa alimkimbiza hospitalini, akalipia serumu ya mshipani, akalipia kila alichoambiwa. Jioni alirudi peke yake, viatu vidogo vya Honoré mkononi.

"Daktari aliniuliza neno moja tu," alisema. "Maji mnayachemsha?"

Watu wakaja kwenye kilio. Majirani walileta maji ya ziwani, kama ilivyo desturi, na kila aliyefika alipewa kikombe. Mara Donatille akamwona mdogo wake Lucie akipokea kikombe kwa Shangazi Philomène. Akakinyakua, akamwaga maji chini.

"Wewe mutoto!" Shangazi alifoka. "Unawanyima watu maji kwenye kilio cha ndugu yako?"

"Hayajachemshwa, Shangazi." Akamvuta Lucie kwake. "Sitaki tumlilie Lucie pia."

Papa aliinuka polepole. Akaburuta gunia la makala hadi miguuni pa Mama Émérance. "Mama, tusaidie kupika maji."

Waombolezaji wakangoja na kiu yao. Nyumbani mle hakuugua mwingine.

Donatille aliporudi shuleni, Papa alimsindikiza hadi darasani. "Mwalimu, kitendawili chako nimekijibu. Ile nchi ya fedha nyingi ni nyumba yangu. Daktari nilimlipa vizuri, lakini makala ya kuchemshia maji niliyaona ghali."

"Pole sana, Papa." Mwalimu aliwageukia wanafunzi. "Hospitali tunazihitaji, watoto. Lakini dawa inanunuliwa ugonjwa ukishaingia. Maji safi na mikono safi vinauzuia usiingie. Anzeni hapo."

Jioni ile Donatille aliyachemsha maji, akayaacha yapoe. Akapanga vikombe vya watoto, vitatu kama kawaida. Kisha akakirudisha kimoja.