Namba Saba na Namba Nane

Saa moja na robo asubuhi, Msasa aliinua turubai akahesabu milango. Akahesabu tena, safari hii akigusa kila mmoja kwa kidole. Jana jioni ilikuwa ishirini na minne. Sasa ilikuwa kumi na minane.

Hakupiga kelele. Karakana nzima ilimwita Msasa kwa sababu kazi yake ilikuwa kulainisha kingo za mabati kwa msasa, na kwa sababu maneno yake yalikuwa machache. Alikwenda ofisini akasimama mlangoni mpaka Mama Bosi, mwenye karakana, alipoinua macho.

"Sema, mwanangu. Ukisimama hivyo najua kuna jambo."

"Milango sita haipo, Mama."

Mama Bosi alisimama kwa kishindo, kiti kikaanguka.

Milango hiyo haikuwa milango ya kawaida. Ilikatwa kwenye bati la stenlesi, chuma kisichoshika kutu, kwa ajili ya makabati ya zahanati, na mwenye zahanati angefika saa nne kamili kuitazama. Zaidi ya hapo, ilikuwa mtihani. Kwa miaka thelathini, Mzee Chaki ndiye aliyepanga vipande juu ya bati kabla ya kukatwa, kwa chaki na rula, kimoja ubavuni mwa kingine, ili mabaki yawe machache. Sasa Mama Bosi alitaka kununua programu ya kompyuta ya kufanya kazi hiyo. Wauzaji wawili walikuja. Wa kwanza, dada mwenye miwani minene, programu yake ilisema milango ishirini na minne itakula mabati manne. Wa pili, kaka aliyevaa tai hata kwenye joto, yake ilisema matatu. Wafanyakazi wakawabandika majina palepale: Miwani na Tai. Basi Mama Bosi akaamuru mpango wa Tai ukatwe, na kama mteja angeridhika na milango, saini ya kununua ingetiwa palepale.

Saa tatu kasoro dakika ishirini, wote walikuwa wamekusanyika ofisini. Wafanyakazi walikuwa wamepekua karakana, pipa la vyuma chakavu, makabati ya nguo, hata choo. Hawakuona kitu.

"Nani alitoka mwisho jana?" Mama Bosi alimuuliza mlinzi.

Mlinzi alilowesha kidole akafunua daftari lake. "Miwani alitoka saa kumi jioni, hakurudi. Tai alitoka saa kumi na moja na dakika kumi. Akarudi saa kumi na moja na nusu, kasahau chaja. Akatoka robo saa baadaye, na begi lake nililikagua: kompyuta na chaja, basi. Mzee Chaki alitoka wa mwisho, saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Mikono mitupu."

"Mikono mitupu," Mama Bosi alirudia taratibu. Akamgeukia Mzee Chaki. "Lakini ufunguo ulikuwa nao wewe. Na juzi ulisema mbele ya watu kwamba kompyuta ikikushinda utatafuna chaki yako."

"Nilisema, na chaki ninayo. Lakini sili milango, Mama."

"Usinitanie, Mzee! Jana jioni nzima uliipa mashine mgongo inapokata, umenuna kama mtoto aliyenyimwa titi. Kikulacho ki nguoni mwako. Saa nne ikifika milango haijaonekana, chukua vifaa vyako uende nyumbani, na usirudi."

Msasa alimtazama Mzee Chaki. Mzee yule alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake, na ndiye aliyemwingiza karakana hii alipoacha shule. Alijua mjomba ana mdomo mrefu. Alijua pia kwamba tangu azaliwe hajamwona akichukua hata msumari usio wake.

"Mama, tusipandishe hasira," alisema Tai kwa upole, huku akijipangusa shingo. "Milango sita si kitu. Tutie saini, kisha nitakaa na mashine tukate mingine sita. Mambo yaishe."

"Haraka ya nini?" Miwani akadakia huku akicheka. "Kwanza mtihani, saini baadaye."

"Na wewe unacheka nini?" Tai akafoka. "Aliyeshindwa ndiye mwenye sababu ya kuiba!"

"Kaka yangu, mimi milango hiyo jana hata sikuigusa. Niliondoka mashine inaanza kunguruma."

Wakaanza kurushiana maneno. Feni iliyokuwa juu ya kabati iligeuka huku na huku, ikapeperusha karatasi za mezani, ikapeperusha ncha ya tai ya Tai. Msasa aliitazama kwa muda, kisha akatoka kimyakimya.

Alirudi kwenye milango. Ilikuwa imelazwa mafungu matatu, fungu moja kwa kila bati, na juu ya nailoni nyeupe inayolinda uso wa stenlesi, mjomba alikuwa ameandika namba kwa kalamu nzito. Fungu la kwanza: moja mpaka sita. La pili: moja mpaka sita. La tatu vilevile.

"Saba na nane," alinong'ona. "Kila bati, saba na nane."

Mwizi anayetaka kuuza angebeba fungu la juu akakimbia. Huyu alichagua.

Msasa aliyaendea mabati matatu yaliyokatwa, yaliyoegemezwa ukutani yakiwa yamebaki matundu matupu. Milango ilikuwa imekwenda, matundu hayakuwa na pa kwenda. Kwenye kila bati matundu sita yalisimama kwa urefu wa bati. Mwishoni, pale ambapo mlango wa saba ungekosa nafasi, matundu mawili yalikuwa yamelala kwa upana. Aliingiza ukucha chini ya nailoni, akaibandua kando ya matundu hayo, akaona mistari.

Stenlesi ile ina mistari myembamba kama nywele, yote ikielekea upande mmoja. Nailoni ikiwa juu, huioni. Mtu anayepiga msasa huijua, kwa sababu ukisugua kinyume chake unaharibu kazi. Na Msasa akakumbuka: jana, saa kumi na nusu, alibandua nailoni ya mlango mmoja ausafishe kingo. Tai alipita akauliza, "Hii mistari ni urembo?" Naye akamjibu, "Ndiyo. Kwenye kabati yote husimama. Haitakiwi hata mlango mmoja mistari yake ilale." Tai alikwenda kukaa na kompyuta yake, akaikodolea macho kama mtu aliyepokea barua ya msiba.

Saa tatu na dakika kumi, Msasa alirudi ofisini.

"Mama, naomba kusema."

Kelele zilikatika. Hakuna aliyewahi kumsikia akiomba kusema.

"Sema, mwanangu."

"Milango iliyoibiwa ni saba na nane ya kila bati. Ndiyo iliyolazwa kwa upana ili ienee. Mistari yake imelala. Mteja angeikataa yote sita."

Miwani alipiga paja. "Ndiyo maana yangu ilisema manne! Programu yangu kabla ya kupanga inauliza mistari inaelekea wapi. Nikajibu isimame, ikakataa kugeuza kipande."

"Sasa Mama," Msasa aliendelea, macho yake yakiwa sakafuni, "kama Mjomba angetaka kuiaibisha kompyuta, angeiacha milango ile mteja aione. Dada huyu naye angeiacha, ndiyo ushindi wake. Anayeumia ikionekana ni mmoja tu."

Wote walimgeukia Tai. Tai alilegeza tai yake.

"Ni maneno tu hayo. Mlinzi alinikagua begi, sikutoka na kitu."

"Kweli hukutoka na kitu," alisema Msasa. "Milango imo humuhumu."

"Wapi?" mlinzi aliuliza kwa hasira. "Tumepekua kila mahali!"

"Kila mahali isipokuwa hapa tulipokaa kugombana."

Alinyoosha kidole kwenye bango refu la kitambaa ambalo Tai alilisimamisha pembeni mwa ofisi siku ya kwanza. "Juzi na jana feni ikilipuliza lilicheza. Leo karatasi zinaruka, bango limetulia. Kuna kitu kimeliegemea kwa nyuma."

Mama Bosi alivuka ofisi kwa hatua tatu akalivuta bango. Milango sita iliteleza ikaanguka mmoja baada ya mwingine, ikapiga kelele mpaka watu wa nje wakachungulia dirishani.

Tai aliketi kama gunia lililotobolewa.

"Chaja ilikuwa kisingizio. Nilisahau kuizuia programu isigeuze vipande," alisema. "Ni kubonyeza mara moja tu, Mama, nikasahau. Haya yangekuwa mauzo yangu ya kwanza tangu niajiriwe. Nilitaka ukishatia saini nirudi niikate upya bila mtu kujua. Sikukusudia mzee alaumiwe."

"Lakini alipolaumiwa ulinyamaza," alisema Msasa. Hilo alilisema huku akimtazama usoni.

Tai aliinuka, akamwinamia Mzee Chaki. "Nisamehe, Mzee."

"Kosa la kusahau ningekusamehe kabla hujamaliza kusema," Mzee Chaki alijibu. "Hili la kunyamaza, nipe mpaka mchana."

Mama Bosi alikohoa. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu wa kuficha aibu yake. "Mzee, nimekosa mimi, na nimekosa mbele za watu. Kwa hiyo mbele ya watu hawahawa nasema: programu utakayochagua wewe ndiyo nitakayonunua, kwa sababu wewe ndiye utakayeiendesha."

"Mimi? Na vidole hivi?"

"Hivyohivyo."

Mzee aliitazama kompyuta ya Miwani, akaitazama ya Tai. "Nachukua ya huyu binti. Fundi anayeuliza kabla ya kukata, huyo naweza kufanya naye kazi."

Zilibaki dakika thelathini na tano na milango sita ya kukata kwenye bati jipya. Mzee aliketishwa mbele ya kompyuta. Miwani alisimama bega la kulia, Msasa la kushoto, na Tai alitumwa kubeba bati akiwa amekunja mikono ya shati. Kwenye kioo likatokea swali: mistari inaelekea wapi?

Mzee Chaki aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Isimame!" alifoka.

Akangoja. Kompyuta nayo ikangoja.

"Mzee, haisikii," alisema Miwani. "Bonyeza."

Msasa ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kikubwa ambacho karakana ile haikuwahi kukisikia, na saa nne, mteja alipobisha hodi akakuta milango yote ishirini na minne tayari, bado alikuwa akichekacheka.