Krimu ya Wifi Ilipoanza Kunuka

Ndugu zangu, wifi yangu, mke wa kaka yangu, ni mtu wa watu. Hilo naliweka mbele msije mkasema namsengenya. Kila Jumamosi asubuhi jiko lake lilikuwa tulivu: redio chini chini, sufuria ya mafuta ya krimu anayouza ikiwa motoni, na mama yetu mzazi kakaa mlangoni akingoja krimu ya visigino vyake vilivyopasuka.

Jumamosi moja nikamkuta wifi anamimina urea, ile chengachenga nyeupe ya kulainisha ngozi, kwenye sufuria inayochemka. Mimi hufanya kazi maabara, nikapaza sauti.

"Wifi, urea haipikwi! Ngoja krimu ipoe mpaka uweze kushika sufuria kwa mkono. Halafu utie asidi ya maziwa kwa kipimo. Bila hivyo urea inavunjika, inageuka amonia, ile hewa kali inayonuka mkojo na kuunguza ngozi."

"Kwenye moto inayeyuka upesi," akajibu bila kugeuka. "Wewe na vipimo vyako! Mbona wateja wanaipenda?"

Kweli waliipenda, wiki mbili. Ya tatu ikaanza kunuka kama choo cha stendi. Mnadhani aliimwaga? Alitia manukato ya waridi! Nami niliisikia ile harufu, nikanyamaza, eti nisimuudhi kaka yangu.

Mama akaipaka. Siku ya nne hakuweza kukanyaga. Visigino vimekuwa vyekundu, nyufa zinatoa maji.

"Iliniwasha kama pilipili, mkwe wangu," alimwambia wifi. "Nikadhani ndiyo dawa inafanya kazi."

Hebu fikirieni! Alivumilia kwa kutuamini.

Nikachovya karatasi ya kupimia asidi kwenye kopo. Ikageuka buluu: asidi hakuna, krimu imeharibika. Wifi akaitazama, akakaa sakafuni.

"Nimemuunguza mama kwa mikono yangu."

Akapita nyumba kwa nyumba kuyakusanya makopo aliyowauzia wateja. Wengine walimfungia mlango usoni. Mama alipona baada ya mwezi mzima, na wifi sasa hutengeneza kwa kipimo. Lakini kila akimletea kopo, mama husema, "Weka hapo, mwanangu," na halifunguliwi.

FUNZO

Dawa ya ngozi haitengenezwi kwa mazoea. Urea itiwe krimu ikishapoa, ilindwe kwa asidi iliyopimwa, na ikaguliwe kila wiki. Ikinuka, mwaga, usiipambe kwa manukato. Nawe unayejua, usiseme mara moja ukajitoa. Ukaidi wa wifi uliiharibu krimu, lakini ukimya wangu ndio ulioifikisha miguuni mwa mama.