Mkufu wa Chumba Namba Saba

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, mgeni wa chumba namba saba alipiga ukelele uliofika mpaka bustani ya hoteli. Mkufu wake wa dhahabu haukuwepo mezani.

Inspekta, mwanamke mfupi mwenye miwani, alifika saa nne kasorobo. Mtaa wenyewe ulikuwa wa mageti marefu na maua yaliyokatwa sawasawa. Hata mbwa hawabweki ovyo. Koridoni, msichana wa usafi alikuwa analia, kifua cha gauni lake la kazi kimelowa maziwa.

"Ana mtoto mchanga," msimamizi wa vyumba akanong'ona. "Tulimwonea huruma, afande. Wiki tatu tu kazini, tazama! Mchukue, tusiwasumbue wageni."

"Taratibu, mama. Ufunguo wa saba anao nani?"

"Yeye. Wangu unakaa mapokezi, kwenye droo."

"Droo inafungwa?"

"Hapana. Yeyote anaweza kuuchukua."

Inspekta akaingia chumbani. Mgeni alikuwa ametoka saa mbili kwenda kunywa chai, akatundika kibao cha "Usisumbue". Kitanda kilikuwa shaghalabaghala, taulo sakafuni. Lakini chooni, ncha ya karatasi ilikuwa imekunjwa pembetatu, safi kabisa.

"Umekunja wewe?"

"Mimi?" mgeni akashangaa. "Nani anakunja karatasi ya chooni? Mwulize shemeji yangu wa chumba cha nane. Alikuwa anazungukazunguka hapa."

Shemeji mtu akaletwa, jasho linamtoka.

"Nilikuwa bustanini navuta sigara, afande. Ila mke wangu asijue! Bora uniweke ndani."

Mtunza bustani akathibitisha: saa mbili mpaka saa tatu, sigara nne.

"Si nilisema?" Msimamizi akamgeukia msichana. "Haya, vua aproni, mwanangu."

"Afande, sijaingia humo. Kibao kilikuwa mlangoni! Mtoto hajanyonya tangu alfajiri. Nikilala ndani leo, nani atamnyonyesha?"

Inspekta akatoka koridoni. Akaenda chumba cha tano na cha sita, vyumba alivyosafisha msichana asubuhi hiyo. Baada ya dakika nne akarudi na roli la karatasi mkononi.

"Huko karatasi inaning'inia tu. Kwa nini hukukunja?"

"Mwenye hoteli alishakataza kabla sijaajiriwa. Hata sijui inakunjwaje."

Inspekta akavua miwani, akampa msimamizi lile roli. "Hebu nikatie kipande nifute vioo."

Msimamizi akakata, akampa. Kisha vidole vyake vikaendelea vyenyewe: kulia, kushoto, bonyeza. Pembetatu. Wote waliiona kabla yake.

"Ulichana karatasi ukafungia mkufu," Inspekta akasema, "na mkono ukamalizia kazi uliyoizoea. Fungua hiyo pochi ya kwapani, mama."

Mkufu ulikuwemo, umeviringishwa kwenye karatasi.

"Miaka kumi na tisa natandika vitanda hapa," msimamizi akasema, sauti imekauka. "Juzi naambiwa nafasi yangu anapewa mpwa wa mwenye hoteli. Nikasema, mikono mitupu siondoki."

"Na huyu binti?"

"Bado mdogo. Angepata kazi nyingine."

"Akiwa gerezani?"



"Binti, unisamehe..." mgeni akaanza. Lakini msichana alikuwa ameshashuka ngazi mbiombio, aproni ingali kiunoni. Getini mlinzi akanyoosha mkono kumzuia.

Inspekta akafungua dirisha.

"Mwache apite!" akapiga kelele, mtaa mzima ukasikia. "Na mtafutie gari, haraka!"